Upande wa Pili wa Shuka

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Kila dobi analijua hilo, na asiye dobi akijaribu mara moja tu atalijua vilevile, maana ataishia kukumbatia furushi. Wanatakiwa watu wawili. Kila mmoja anashika pembe zake, wanarudi nyuma mpaka kitambaa kikaze, wanakutanisha pembe, wanavuta tena. Kisha mmoja anamwendea mwenzake, anamkabidhi pembe zake, anainama kuokota mkunjo unaoning'inia chini na kurudi nao nyuma. Watu wakishazoeana, kazi hiyo inakwenda bila neno.

Dobi wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Pasi, alikunja mashuka hivyo na mkewe tangu mwanawe hajazaliwa mpaka mwanawe akaota mvi. Duka lilikuwa mbele, chumba cha kulala nyuma yake, na uani kulikuwa na kamba za kuanikia. Mashuka mengi yalitoka nyumba ya wageni iliyokuwa juu kidogo ya barabara hiyohiyo. Mkewe alifua, yeye alipiga pasi, kukunja walikunja pamoja. Halafu mkewe akaugua, na ugonjwa haukumpa muda wa kuaga vizuri.

Waliokuja kuhani walipoisha, kazi ilibaki palepale. Mama wa nyumba ya wageni alileta kapu la mashuka kama kawaida, akasimama uani akimtazama mzee akihangaika na kitambaa kilichotaka kuburuza chini. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye kuona aibu upesi.

"Mzee, nikushikie huku?" akauliza.

"Nani kakwambia nimeomba msaada?"

Mama wa watu akaweka kapu chini, akaondoka zake. Tangu siku hiyo akawa anaishia kwenye mlango wa uani.

Mzee Pasi akabuni njia yake. Alibana shuka katikati kwa kidevu, akanyoosha mikono huku na huku, akakunja kuanzia pembeni. Ilikuwa njia ya ovyo, mikunjo haikukaa sawa, lakini yeye aliona fahari. Ungemwona amesimama uani, kidevu kimebana kitambaa kifuani, macho yametazama mbele upande ule mkewe alipokuwa akisimama, ungedhani ameamriwa asitikisike. Haikupita muda shingo ikaanza kumuuma.

Mwanzo aliidharau. Akaipaka dawa ya kuchua mpaka nguo za wateja zikaanza kunuka dawa ya kuchua. Akanunua mto mgumu, akautupa, akanunua laini. Akavaa kola ya kushikilia shingo, na watoto wa shule waliopita hapo wakawa wanatembea wamekakamaa kumwigiza. Maumivu yalianza nyuma ya sikio, yakashuka mpaka begani na kukaa hapo kama mgeni asiye na haya. Kugeuka akawa anageuka mwili mzima, kama kabati linalohamishwa.

Daktari alimpiga picha ya eksirei. Akaiinua kwenye mwanga, akasema mifupa ni ya mtu wa umri wake, haina baya lolote, ila hayo mambo ya kubana kwa kidevu ayaache. Mzee akayaacha. Akaiambia nyumba ya wageni itafute dobi mwingine, akabaki na mashati na suruali tu, vitu ambavyo mtu anavikunja peke yake bila kumsumbua yeyote. Sasa, kama chanzo kilikuwa kidevu, shingo ingepona. Haikupona. Ilizidi. Jumapili, siku ambayo hakugusa hata kitambaa cha mezani, ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Mwanawe, mwalimu wa hesabu katika mji mwingine, akawa anapiga simu kila jioni.

"Baba, njoo ukae kwangu. Chumba kipo. Wajukuu wapo."

"Na duka?"

"Baba, duka gani? Huwezi hata kutazama kushoto."

Wakabishana, kisha wakakubaliana kwamba kama shingo haijapona shule zikifungwa, mwana atakuja kufunga mizigo na mwenye nyumba atarudishiwa funguo zake. Mzee alikubali shingo upande, na kwa kweli siku hizo hakuwa na namna nyingine ya kuiweka hiyo shingo. Lakini simu ilipokatika alikaa kitandani akatazama kile chumba. Ndoano ya mlangoni ilikuwa bado na kanga ya mkewe. Kwa mwanawe kulikuwa na chumba kizuri, alikiona, lakini mkewe hakuwahi kulala humo hata mara moja. Akihama, angekuwa anamwacha. Hilo ndilo lililomtia hofu, na hakumwambia mtu.

Daktari naye, alipoona dawa zimegonga mwamba, akampeleka kwa mtaalamu wa viungo. Mzee alitegemea jitu la miraba minne la kumnyonganyonga. Akakuta dada mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini, katika chumba chenye viti viwili, kitanda chembamba na feni iliyokuwa ikilia kila ikigeuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nitalala hapa?"

"Hapana, kaa tu. Niambie shingo inauma lini."

"Kila wakati."

"Hata sasa hivi?"

Mzee akasita. Alipokuwa akipanda ngazi, muuza maji alikuwa amemtania mlinzi, wote wakacheka, na yeye akageuka kuwatazama. Akageuka kushoto. Alikumbuka hilo sasa, na halikumfurahisha.

"Unataka kusema najifanya," akasema.

"Sijasema hivyo, na sitasema. Maumivu yako ni ya kweli. Pasi yako ina taa, si ndiyo? Ile inayowaka kukwambia ina moto?"

"Ina taa."

"Haijawahi kubaki inawaka na pasi yenyewe imeshapoa?"

Iliwahi. Kila dobi iliwahi kumtokea. Waya wa ndani unashika kutu, taa inang'ang'ania kuwaka, na mtu anaiogopa pasi iliyo baridi kama jiwe.

"Basi badilisha waya," mzee akasema.

Dada akacheka. "Huu haubadilishwi, mzee. Huu unafundishwa. Mwili umejifunza kuogopa, sasa tuufundishe kwamba pako salama."

Mzee akaona amekuja kupotezewa muda. Lakini ngazi zilikuwa nyingi na alikuwa ameshazipanda, akabaki. Akaambiwa afumbe macho, avute pumzi taratibu, ayaendee yale maumivu pole pole bila kugombana nayo, ayapapase kama anavyopapasa kitambaa. Ni ya moto au baridi? Laini au magumu? Moyoni akasema, nimekuja kutibiwa shingo, naambiwa niibembeleze kama bibi harusi. Lakini swali la kitambaa alilielewa, akajikuta anajibu.

"Magumu. Kama kola iliyotiwa wanga mwingi."

"Vizuri. Yaache yawe magumu. Usiyanyooshe."

Wakakaa. Feni ikalia, ikageuka, ikalia. Na ile kola, haki ya Mungu, ikalegea kidogo. Kidogo sana, lakini mzee alishika vitambaa maisha yake yote, hakuwa mtu wa kudanganywa na kitambaa.

Akarudi tena na tena. Asubuhi nyingine aliamka shingo nyepesi akajiimbia akinyoa ndevu. Jioni yake mwana akapiga simu kuuliza habari za kuhama, na maumivu yakarudi kabla hata hajaweka simu chini. Dada akamwambia ni kawaida, asikate tamaa, aangalie tu yanakuja yakifuata nini. Nyumbani akawa anakaa kwenye kiti, mikono mapajani, anavuta pumzi na kuyaambia maumivu, "Nimekusikia, pako salama." Aliona haya hata mbele ya ukuta. Kwa kweli hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye mle ndani.

Halafu ikaja siku ya ugomvi.

"Leo tutageuza shingo bila kuigeuza," dada akasema. "Fumba macho. Tulia hivyohivyo. Uone tu akilini kwamba uko uani kwako, unafanya kazi. Umeshika shuka."

Mzee akaliona shuka. Lilikuwa jeupe, limekauka vizuri, lina joto la jua. Akazishika pembe zake mbili, na hapohapo shingo ikamkata kwa maumivu mpaka akapiga ukelele. Akafumbua macho. Mikono ilikuwa mapajani. Kichwa kilikuwa palepale.

"Lakini sijasogea," akasema.

"Hujasogea."

"Sijabana kitu!"

"Hujabana kitu." Kisha dada akauliza kwa upole kabisa, "Mzee, upande wa pili wa shuka ameshika nani?"

Mzee Pasi akainuka. Akachukua kofia yake, akamwambia yule dada kwamba yeye ni fundi wa viungo, si wa makaburi, na kwamba wazazi wake hawakumfunza adabu. Akashuka ngazi akiwa amekakamaa, akatembea mpaka nyumbani bila kumsalimia mtu. Akafunga duka mchana kweupe.

Aliketi kitandani, upande wake. Upande wa pili ulikuwa umetandikwa vizuri, maana hakuna aliyeulala. Shingo ilimuuma hata machozi yakamlengalenga, naye kwa mazoea akavuta pumzi, akaiambia nimekusikia. Na hapo, bila kutaka, akaona kitu ambacho alikuwa anakizunguka siku zote. Hakutaka ipone. Mwaka mzima, aliyemwamsha asubuhi alikuwa shingo. Aliyekaa naye akila alikuwa shingo. Watu walipoacha kumuuliza habari za mkewe, bado walimuuliza, "Shingo inaendeleaje?" Maumivu hayo yalianza kwa sababu upande wa pili hapakuwa na mtu, na yakiondoka, basi hapo hapatakuwa na kitu kabisa.

Mzee akalia. Msibani hakulia, alikuwa anapokea wageni. Sasa alilia kwa sauti mbaya ya mzee, kamasi zikamtoka, akajifuta kwa shati la mteja lililokuwa jirani, baadaye akalazimika kulifua upya. Alipomaliza alikuwa amechoka kama aliyefua kwa mikono tangu alfajiri. Chumba kilikuwa kitupu vilevile. Upweke haukupungua hata chembe. Ila alipoinuka kwenda kunywa maji aligeuza kichwa kuitazama kanga pale mlangoni, na kichwa kikageuka.

Kesho yake alipanda zile ngazi, kofia mkononi.

"Binti, nilikutolea maneno mabaya."

"Yamekwisha, baba. Kaa."

"Mke wangu," akasema kabla hajakaa. "Upande wa pili alikuwa anashika mke wangu."

Dada hakutoa hotuba. Alimwachia nafasi, mzee akasimulia. Siku hiyo hawakufanya mazoezi yoyote. Mwishoni akaambiwa sasa mwili uanze kurudi kwenye kile unachokiogopa, kwa vijisehemu, bila haraka. Mzee akaenda mwenyewe nyumba ya wageni kuomba kazi yake, na yule mama mpole akampa foronya, kisha taulo, kisha mashuka ya kitanda kidogo. Akayakunja juu ya meza. Siku nyingine shingo ilikaza, akaweka kitambaa chini, akakaa, akangoja, akaendelea. Lakini mashuka makubwa aliyaanika, akayaanua na kuyarundika kapuni bila kukunjwa, akayarudisha hivyo hivyo. Hakuwa na wa kushika naye, na kuomba hakujua.

Shule zikafungwa. Mwana akaja na gari la kuazima na maboksi matupu.

Alimkuta baba uani, anageuza kichwa huku na huku akizitazama kamba. Mwana akaduwaa. Kisha akajipa moyo na neno alilokuja nalo. "Umepata nafuu, namshukuru Mungu. Lakini nafuu si kupona, baba. Utakaa hapa peke yako mpaka lini?"

"Mpaka nichoke."

"Unaniambia kila siku umechoka."

Wangeendelea hivyo mpaka jioni, kwani wote wawili walikuwa na vichwa vigumu, kama upepo usingebadilika. Wingu jeusi lilikuwa limetanda juu ya mabati, na kamba zote zilikuwa zimejaa mashuka makubwa. Mbishi gani wa nyumba ya dobi anayebishana na mvua? Wakaanza kuanua. Kapu likajaa, na yaliyobaki hayakuwa na pa kuwekwa isipokuwa yakunjwe.

"Lete, nishike huku," mwana akasema, akazichukua pembe mbili.

Jibu la mzee lilikuwa tayari mdomoni, lilelile alilompa mama wa nyumba ya wageni. Akalimeza. Shingo ikaanza kukaza. Akavuta pumzi, akaiambia kimyakimya, nimekusikia, akashika pembe zake.

Wakarudi nyuma. Shuka likakaza. Wakakutanisha pembe, wakavuta tena, safi kabisa. Kisha mzee akasimama kungoja, na mwana naye akasimama.

Upepo ukalitikisa shuka katikati yao. Tone la kwanza likaanguka kwenye mabati.

"Njoo basi," mzee akasema.

"Nije wapi?"

"Njoo huku! Mmoja anatembea, hujui?"

"Najua. Si nimefuata unavyofanya wewe?" Mwana hakusema kwa ubaya. Alikuwa anashangaa tu. "Nimekua nikiwaangalia hapahapa, baba. Mama ndiye aliyekuwa anatembea. Wewe ulikuwa unasimama."

Mzee akalitazama shuka lililokuwa kati yao. Aliona uani pote, tangu ujana wao. Mkewe anakuja na pembe mikononi, anamkabidhi, anainama, anarudi, anakuja tena. Ana mimba, anakuja. Amechoka, anakuja. Kila shuka, siku zote hizo, yeye amesimama na kunyoosha mikono kupokea. Na baada ya mazishi akasimama palepale, kidevu kifuani, macho mbele, akingoja.

"Mvua, baba," mwana akasema.

Basi Mzee Pasi akapiga hatua. Miguu ilikuwa mizito kwa kitu kidogo kama hicho. Alitembea shuka likijikunja mbele yake mpaka akamfikia mwanawe, akamkabidhi pembe, na vidole vyao vikagusana. Kwa karibu hivyo aliona mvi za mwanawe, na macho yake, ambayo nayo yalikuwa mekundu. Akakumbuka kwamba mtoto huyu naye alifiwa, na kwamba katika simu zote zile hakumuuliza hata mara moja. "Pole, mwanangu," akasema. Mwana akaitikia kwa kichwa. Mzee akainama kuokota mkunjo wa chini. Shingo ikainama pamoja naye, akarudi nyuma, shuka likakaza.

Walikunja yote. Ya mwisho yalilowa kidogo, si neno.

Mwana alilala pale, upande wa pili wa kitanda, na asubuhi akapakia maboksi yake matupu kwenye gari. Hawakubishana tena. Walikubaliana simu ziendelee, na kwamba zamu hii mzee ndiye atakayepiga. Gari lilipokata kona, nyumba ikawa kimya kama zamani, na mzee akahisi ile kola inarudi shingoni. Hakuikimbia. Alijua sasa kwamba itakuwa inakuja na kuondoka, na kwamba mkewe harudi, iume au isiume. Akaliweka kapu tupu mlangoni, akawasha pasi, akafanya kazi.

Mama wa nyumba ya wageni alifika na mashuka mengine. Akayaweka pale anapoyaweka siku zote, akageuka aende zake.

"Mama," mzee akaita. "Una haraka?"

Akageuka. "Hapana, mzee. Kuna nini?"

Mzee Pasi alikuwa ameshashuka ngazi ya kuingilia uani. Alikwenda kwenye kamba, akaanua shuka kubwa alilokuwa amelianika upya baada ya mvua, sasa limekauka, akatafuta pembe mbili, akamnyooshea. Maneno yalikuwa machache, lakini yalimtoa jasho kuliko pasi.

"Nisaidie kushika huku," akasema. "Wewe simama hapohapo. Nitakuja mimi."